Jibu Lililoshonwa Pindoni

Ilipofika saa nne asubuhi Sindano alikuwa amekwisha kuaibika mara tatu, na hata chai hajanywa.

Sindano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na Fundi, mwanamume ambaye kwa ajili yake alikuwa amesafiri peke yake, kwa mara ya kwanza maishani, mpaka nchi ambayo hakujua hata kuomba maji kwa lugha yake. "Wewe ni mwembamba, huna kelele," Fundi alimwambia siku za mwanzo, walipokuwa bado wanaibiana macho dirishani mwa chumba alichoshonea binti huyu. "Lakini ukimwingia mtu, anajua ameingiwa." Nyumbani kwao walimwita Bubu. Kaka yake mkubwa ndiye aliyelianzisha jina hilo na wengine wakalipokea, maana tangu alipoachishwa shule darasa la tano ili amuuguze mama, binti huyu alikuwa mtu wa kuinamia cherehani na kuitikia "abee".

Aibu ya kwanza ilimpata mpakani. Ofisa aliyekaa nyuma ya kioo alimuuliza kitu, kisha akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Mama mmoja kwenye foleni akamchorea paa la nyumba hewani kwa mikono. Ndipo Sindano akaelewa kwamba anatakiwa aonyeshe anakwenda kufikia wapi. Anwani alikuwa nayo. Ila ilikuwa ndani ya pindo la gauni alilovaa, alikoishonea mwenyewe kwa ushauri wa shangazi yake. "Pochi wataikwapua, mkoba wataukwapua," shangazi alimwambia. "Sasa pindo watalikwapuaje na wewe umo ndani?"

Shangazi hakufikiria habari ya kulifumua. Mkasi mdogo wa Sindano ulikuwa umeshachukuliwa na kutupwa kwenye sanduku moja na visu vya abiria wengine. Basi binti huyu, ambaye nyumbani aliona haya hata kuanika shimizi mbele ya majirani, akainama mbele ya foleni nzima, akapandisha gauni juu ya magoti, akauma uzi kwa meno. Ofisa akageuzia uso ukutani. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wakacheka wengi. Karatasi ilitoka imelowa mate. Mhuri ukagongwa. Kipande cha pindo kikabaki kimening'inia, shibiri nzima, na yeye akajiapiza kwamba akipata dakika tano na mahali pa kukaa atakishona. Mshonaji kutembea na pindo lililofumuka! Hiyo peke yake ilikuwa aibu ya kutosha.

Hakuzipata hizo dakika tano. Kwenye kituo cha mabasi aliingia choo cha wanaume, kwa kuwa picha zilizokuwa milangoni zimechakaa mpaka zikafanana. Alipotoka ndani alimkuta mzee ananyoa ndevu mbele ya kioo, na yule mzee, povu shavuni, akamwinamishia kichwa kwa heshima zote. Alikimbia mpaka nje. Huko akaona gari jeusi limesimama, dereva ameshika usukani, akadhani ni teksi, akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akampa anwani. Dereva akamkodolea macho kama aliyeona jini. Kabla hajasema neno, mkewe akatokea na mfuko wa mboga. Lugha yao Sindano hakuijua, lakini mke anayeuliza "huyu ni nani?" hahitaji mkalimani. Mume akaapa kwa mikono yote miwili. Mke akamshika Sindano mkono ili amtoe, akaona machozi, akaona karatasi iliyolowa, akaona pindo linaloburura chini. Akauachia. Akamwambia mumewe jambo moja fupi, na mume akawasha gari.

Hivyo ndivyo alivyofika. Lilikuwa jengo la ghorofa sita, la rangi ya majivu, na ukumbi wake wa chini ulinukia sabuni ya sakafu. Mwanamke mnene alikuwa anapiga deki, mgongo kauelekeza mlangoni. Sindano alisimama pale akiogopa kukanyaga penye maji.

"Ee Mungu wangu, nisaidie," alinong'ona.

Yule mwanamke akaacha kudeki papo hapo. "Wewe! Umesema nini?"

"Nimesema... shikamoo."

"Hukusema shikamoo, umemtaja Mungu. Lakini marahaba!" Akajifuta mikono kwenye aproni, uso umemchangamka. "Miaka saba niko hapa. Mtu wa kuniamkia hivyo alikuwa mmoja tu, na huyo naye ndiyo anatukimbia leo. Mimi wananiita Mama Ndoo. Haya, unamtafuta nani?"

Sindano akamnyooshea karatasi. Mama Ndoo akaishika mbali na macho yake, akakunja uso.

"Ghorofa ya sita. Chumba cha fundi wa lifti. Ha! Si ndiye huyohuyo ninayekwambia? Sijui nikuambie una bahati au huna. Gari la kampuni linamfuata saa sita kamili. Wanampeleka migodini, huko milimani. Miaka miwili, mwanangu. Huko simu haishiki wala barua haifiki."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Anajua unakuja?"

"Hajui."

"Basi unasimama hapa unafanya nini? Ingia kwenye lifti hiyo, mlango wa kahawia. Vuta, ingia, bonyeza kitufe cha juu kabisa. Kimbia!"

Mwaka mzima na nusu alikuwa amempenda mtu anayetengeneza lifti, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Akauvuta mlango wa chuma, akaingia, akabonyeza. Mlango mzito ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

"Binti!" Mama Ndoo alipiga kelele nje. "Pindo lako! Pindo!"

Lifti ilikuwa imeshaanza kupanda.

Kwanza alidhani kuna mtu mjeuri anamvuta gauni. "Niache!" akasema, akageuka, hakuona mtu. Gauni likamkaza kiunoni. Zipu ya mgongoni ikakatika. Akavutwa chini kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba, akapiga magoti, na bado kitambaa kikawa kinazama kwenye ufa wa sakafu, kikinywewa kidogo kidogo. Kisha chuma kikalia mahali fulani, lifti ikatikisika, ikasimama. Ilikuwa imepanda kimo cha kiuno tu.

Taa haikuzimika, na afadhali ingezimika asijione. Alikuwa amepiga magoti kwenye kisanduku cha bati, mgongo wazi, shimizi nje, gauni limekazwa kama ngozi ya ngoma. Akapapasa pindo. Upande wa mbele ulikuwepo. Upande wa nyuma, ule alioushona mara mbili kwa uzi wa nta, haukuwepo. Ulikuwa nje ya mlango.

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Upande ule ndio uliokuwa na barua aliyomwandikia Fundi.

"Fundi!" Sauti ya Mama Ndoo ilipaa ngazini. "Fundi wee! Shuka! Lifti imemeza mtu!"

Nyayo zikasikika juu, mbali, zikizunguka na kuzunguka na kukaribia. Mzigo ukatuliwa chini.

"Nani kakwambia umpandishe mtu leo? Funguo zote nimeshakabidhi ofisini asubuhi. Mlango huu sasa siwezi kuufungua hata kwa dawa."

"Ni mgeni wako."

"Mimi sina mgeni, Mama Ndoo. Wote wanaonijua wanajua naondoka." Kisha sauti ikasogea mlangoni, ikawa ya upole, ya kazini. "Dada uliye ndani, tulia. Hewa ipo ya kutosha. Usiguse kitufe chochote. Umeumia?"

Miezi kumi na moja Sindano hakuwa ameisikia sauti hiyo. Alikuwa ameisikia ndotoni, na kwenye mlio wa cherehani mchana, na mara moja sokoni, akageuka akakuta ni muuza vitunguu. Sasa ilikuwa upande wa pili wa bati.

"Dada? Unanisikia?"

"Sijui kimempata nini," alisema Mama Ndoo. "Aliniamkia vizuri tu sasa hivi."

Halafu Sindano akahisi gauni linaguswa kwa nje. Lilivutwa taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Kitambaa hiki nilikichagua mimi," Fundi alisema polepole. "Cha samawati, maua meupe madogo. Nilimtolesha muuza vitambaa majora yote mpaka akataka kunifukuza." Vidole vikaacha. "Sindano?"

"Abee," aliitikia.

Ndoo ilisikika ikitua sakafuni.

"Umefuata nini huku?" Fundi aliuliza. Upole wote ulikuwa umeondoka. "Umekuja kunialika harusi?"

"Harusi gani?"

"Yako. Nilipata ujumbe kutoka kwenye simu yako. Naukumbuka neno kwa neno, maana niliusoma mpaka macho yakaniuma. 'Mdogo wangu ameshaposwa, tafadhali usimsumbue tena.' Basi sikukusumbua. Na leo unakuja kunisumbua wewe?"

"Bwana wee," Mama Ndoo aliingilia, "mwenzio amenaswa kama nguo kwenye kamba, wewe unamwuliza mambo ya harusi?"

"Mama Ndoo, tafadhali."

"Haya, haya. Nadeki." Lakini hakudeki.

"Sijaposwa," alisema Sindano. Alisema kwa sauti ndogo mno.

"Sisikii. Ongea."

"Sijaposwa na mtu. Kaka ndiye aliyeandika. Aliichukua simu, akaandika, akafuta namba yako. Mimi sikujua."

"Ulikuja kujua lini?"

Hapo ndipo alipokuwa akipaogopa njia nzima. Angeweza kusema jana. Angeweza kusema juzi. Mtu aliyekuwa nje asingeweza kuuona uso wake.

"Wiki sita zilizopita," alisema. "Kaka alisema mwenyewe mezani, akicheka. Alisema amemshusha Fundi Panda-Shuka, safari hii hapandi tena."

"Wiki sita." Fundi alilirudia neno hilo kama mtu anayepima kidonda kina urefu gani. "Wiki sita ulijua kwamba nimedanganywa. Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Hukuweza kuazima simu ya jirani? Ya shangazi yako? Huyo shangazi si ananipenda?"

"Namba ilikuwa imefutwa..."

"Ungeuliza! Ungemfuata yule dereva wa safari za huku aliyekuletea kifurushi changu cha kitambaa! Sindano, mimi nilikaa kwenye ngazi hizi kila Ijumaa gari lake likija. Kila Ijumaa! Watu wa jengo hili wakanizoea kama jagi la maua. Hata baada ya ule ujumbe nilikaa. Nikasema, atasema neno moja tu. Hata 'hapana' iwe yake mwenyewe, isiwe ya kaka yake. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kila kitu," alisema, na machozi yakaanza kumdondoka kwenye maua meupe ya gauni. "Mama alisema nikienda nchi ya watu nikaugua, nani atanishika kichwa? Kaka akasema huna ndugu, huna kwenu, siku ukianguka humo kwenye shimo la lifti nitabaki na nani. Nikafungua mdomo nimjibu. Haikutoka. Mimi siwezi kusema mbele yao, Fundi, unajua siwezi. Kila jioni nilisema kesho. Kesho nitamwambia mama. Kesho."

Honi ililia nje, barabarani. Ikalia mara ya pili, ndefu.

"Wamewahi," alisema Mama Ndoo kwa unyonge. "Msimamizi wako huyo. Ameshuka kwenye gari, anaitazama saa."

"Nakuja!" Fundi alipaza sauti kwa lugha ya kule, kisha akarudi mlangoni. Alivuta pumzi. Alipoongea tena aliongea kama fundi tu, na Sindano akaona ni heri angemtukana.

"Sikiliza. Nguo yako imeingia kwenye kufuli la mlango, ndiyo sababu lifti imejizima. Ufunguo wa mlango uko ofisini, na watu wa ofisi watafika saa nane. Hutadhurika. Kaa chini, usisimame. Mama Ndoo atakuwa hapa."

"Hakuna njia nyingine?" Mama Ndoo aliuliza.

"Ipo. Juu kabisa, chumba cha mashine, hakina kufuli. Kuna gurudumu, unaachia breki na kulizungusha kwa mkono, linaishusha kidogo kidogo. Ni kupanda ghorofa sita kwa miguu, kisha robo saa ya kuzungusha. Gari halinisubiri hivyo. Wengine watano wamo ndani. Na mimi nimeshachoka kusubiri na kusubiriwa. Safari njema ya kurudi, Sindano. Mwambie kaka yako ameshinda."

Mzigo ukainuliwa. Nyayo zikaanza kuondoka, moja, mbili, kwenye sakafu yenye maji.

Sindano alikuwa na miaka ishirini na minne na hakuwa amewahi kumpigia mtu kelele. Hakumpigia kelele mteja aliyekataa gauni baada ya kulivalia harusini. Hakumpigia kelele kaka yake alipomwambia kwamba akivuka kizingiti asirudi, wala mama yake alipogeukia ukutani badala ya kumuaga. Sasa akaegemeza kichwa kwenye bati, akafunga macho, na sauti ikatoka, nene, ya kukwaruza, asiyoijua.

"Fumua pindo!"

Nyayo zikasimama.

"Pindo uliloshika! Fumua! Jibu lako limo humo, limo tangu mwezi kitambaa kilipofika! Fumua ndipo uondoke!"

"Mama yangu," alisema Mama Ndoo, "kumbe sauti anayo."

Nyayo zilirudi. Akasikia mfuko wa vifaa unafunguliwa. Ncha ya bisibisi ikaanza kuchokoa kitambaa, na kila uzi uliokatika aliuhisi kwenye paja lake, maana gauni lilikuwa limekaza kiasi hicho. Alijua idadi ya mishono ile. Alijua pia kwamba ameishona kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Umeshona kama unafunga gunia la mawe," Fundi alinung'unika.

"Nilikuwa nimekasirika."

Karatasi ikachakacha.

"Soma kwa sauti, bwana," alisema Mama Ndoo. "Nimeacha kazi yangu kwa ajili yenu."

Fundi hakukataa. Labda hakumsikia, labda alihitaji kuyasikia maneno yenyewe. Akaanza kusoma.

"Imeandikwa tarehe... hii ni siku ile ile kifurushi kilipofika. 'Mpenzi Fundi. Kitambaa kimefika. Umeniuliza kama nitakuja. Nitakuja. Gauni la safari nimeanza kulikata leo, na ukiona linachelewa ujue ni uoga wangu unaochelewa, moyo ulishatangulia. Usiende mbali kabla sijafika. Mimi wako, Sindano.'"

Alisimama hapo. Alijaribu kukohoa.

"Kwa nini haikunifikia?"

"Siku niliyompelekea dereva, kaka alikuwa amemfukuza, amemwambia atamvunjia kioo akikanyaga tena mtaa wetu. Nikaificha pindoni nisije nikanyang'anywa. Nikasema nitapata mtu mwingine wa kumpa." Akameza mate. "Sikupata. Mwishowe nikaona mtu mwenyewe ni mimi."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wewe? Wewe ambaye kwenda dukani ulikuwa unamtuma mtoto wa jirani?"

"Nimeingia choo cha wanaume, Fundi. Nimepanda gari la mume wa mtu. Nimefunua magoti mbele ya ofisa." Alikuwa analia na kuongea kwa pamoja, maneno yakisukumana kama watu mlangoni. "Sijali. Hata sasa zipu imekatika na siwezi kusimama, sijali. Ila usiseme nilinyamaza kwa sababu sikupendi. Sema ni mwoga, nitakubali. Hilo lingine usiseme."

"Na cherehani yako umemwachia nani?"

Sindano akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Sindano. Cherehani iko wapi?"

"Nimeiuza. Ningesafiri na nini?"

Cherehani ile ilikuwa ya bibi yake, nyeusi, yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Fundi mwenyewe aliwahi kuipaka mafuta, akasema mashine hiyo itawazika wote. Honi ikalia tena, na safari hii ikafuatwa na sauti ya mwanamume anayefoka.

"Ngoja nikamzubaishe huyo," alisema Mama Ndoo. "Nitamwaga maji mlangoni nimwambie asubiri pakauke." Ndoo ikaondoka, ikigonga miguu yake.

Wakabaki wawili na mlango katikati yao.

"Nikikosa gari hili nimekosa kazi," alisema Fundi. "Chumba cha juu nimeshakirudisha. Sina pa kulala hata leo."

"Najua."

"Na nyumbani huwezi kurudi."

"Siwezi."

"Basi niambie nifanye nini."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kaa. Neno la silabi mbili. Lakini alimwona Fundi akikaa kwenye ngazi kila Ijumaa, akaona alivyomla mtu miezi yake kwa uoga wake, na akaona hana haki ya kuongeza hata siku moja juu ya hiyo.

"Hilo sikuamulii," alisema. "Nimekuja kukujibu. Nimeshakujibu."

Akasubiri. Vidole viligusa tena kitambaa, kwa nje, mara moja. Kisha mzigo ukainuliwa na nyayo zikaondoka, haraka, karibu mbio. Akatega sikio ajue zinaelekea wapi, kwenye mlango wa nje au kwenye ngazi. Ila pale pale nje kukazuka kelele, msimamizi anafoka na Mama Ndoo naye anajibu mapigo kwa lugha mbili, na nyayo zikapotea ndani ya zile kelele.

"Fundi?"

Hakuna.

"Fundi, upo?"

Mlango wa gari ukabamizwa. Mwingine ukabamizwa. Mtambo ukanguruma, ukaingia gia, ukasogea. Akausikiliza ukipita chini ya ukuta, ukakata kona, ukawa mdogo, ukaisha.

Sindano akalaza shavu kwenye sakafu ya lifti. Ilikuwa baridi. Hakulia tena, hakubakiwa na chozi. Akawaza watu wa saa nane watakavyofungua mlango wamkute hivi, mgongo wazi, na asiwe na neno hata moja la kuwaambia. Akawaza basi la kurudi, na mlango wa kwao, na kaka yake akimwita Bubu mbele ya wageni. Akawaza uzi wa nta, kwamba laiti angeshona kwa mishono milegevu, barua ingefumuka mapema, dakika mbili tu mapema. Hata mkono wake mzuri wa kushona ulikuwa umemponza.

"Kaa," akasema kwa sauti, kwenye kisanduku kitupu. "Nilitaka kusema kaa."

Muda ukapita, hakujua kiasi gani.

Kisha juu, juu kabisa, kitu kikalia. Chuma juu ya chuma. Kikanyamaza. Kikalia tena.

Sakafu ikatetemeka chini ya shavu lake. Aliinua kichwa. Mashine haikuwa inanguruma, taa za vitufe zilikuwa zimezimika, lakini kisanduku kilikuwa kimeshuka, upana wa kidole. Kikasimama. Kikashuka tena. Mwendo ule aliujua. Aliujua kuliko alivyoujua mwendo wa moyo wake mwenyewe. Ndivyo gurudumu la cherehani linavyokwenda unapofika kwenye pindo gumu na kuliendesha kwa mkono, nusu mzunguko, pumua, nusu mzunguko, usije ukavunja sindano.

Kitambaa kilichomkaza mapajani kikalegea kidogo.

Akakishika kwa mikono miwili, akakisikiliza.

Kikalegea tena.